Majibu ya Wanawake Hamsini na Wawili

Kindu, 9 Februari 1975

Kwa mama yangu mdogo mpendwa, Bi Sharifa,

Nakuamkia, mama, na kumwomba Mungu barua hii ikukute huko Kalemie ukiwa mzima, kifua kimetulia na upepo wa ziwa haukusumbui tena. Msalimie kaka Musafiri na mkewe. Sisi huku hatujambo. Mvua haijakatika tangu mwaka uanze, na Lualaba umepanda mpaka wenye mitumbwi wamehamisha vituo vyao.

Habari kubwa ni ya mwanao. Mwamini ana mimba ya miezi mitatu! Najua mumewe, Zuberi, atamwandikia Musafiri, lakini nilitaka ulisikie neno hili kutoka kwa mwanamke. Baada ya miaka minne ya kungoja, hata mimi nilipoambiwa nililia. Asubuhi anatapika, mchana anatafuna udongo. Wamehamia Alunguli, ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya marehemu babu yake Zuberi. Zuberi mwenyewe yuko mji wa Kama akiuza vitambaa vyake na chumvi, atarudi kabla ya mwezi kwisha.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nikae chini kuandika. Tumeletewa daktari mpya wa wodi ya wazazi, kijana kutoka Kasai. Siku ya kwanza aliniita, akaniuliza: "Mama Riziki, kazi ya hapa materniti ni nzuri?" Nikamjibu ni nzuri. Akauliza: "Umejuaje?" Nimezalisha miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Ametupa saa ya ukutani na daftari. Kila mama anapofika mlangoni tunaandika saa. Mkunga anapomgusa kwa mara ya kwanza tunaandika tena. Tunaandika pia kama moyo wa mtoto ulisikilizwa, na kama mama alipata sindano ya kuzuia damu. Wiki ya kwanza tulijumlisha. Kwa wastani mama anakaa kwenye benchi saa moja na nusu kabla ya mtu kumgusa. Siku ile mkubwa wa Chama alipopita mjini, sote tuliitwa uwanjani kuimba na kucheza. Tulipewa vitambaa vipya. Mama mmoja aliyetoka Tunda alizalia kwenye benchi, na aliyempokea mtoto ni mfagiaji. Mengine nitakuambia kwa mdomo.

Wewe ndiwe uliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na ukunga wangu wote ni wako. Niambie, wakati wako mlijuaje kama mnafanya vizuri?

Barua hii namkabidhi Bwana Masudi wa treni.

Mwanao,
Riziki

*

Kalemie, 2 Machi 1975

Mwanangu Riziki,

Masudi amenifikishia barua yako ikiwa kavu, Mungu ambariki. Mimi ni mzima. Kifua ni kile kile. Musafiri aliangukiwa na sanduku la samaki pale stesheni, mguu ulivimba, sasa anatembea.

Habari ya Mwamini nimeisoma mara tatu. Nimefunga siku mbili kumshukuru Mungu. Mwambie asinyanyue maji, na asikae mlangoni jioni. Na nasema wazi ili lisije likaulizwa baadaye: azalie materniti, mikononi mwako. Huko ng'ambo kuna vibibi vinavyojua kuomba dua na kusukuma tumbo tu.

Kuhusu saa ya daktari wako. Mimi nimefanya kazi pale miaka ishirini na mitatu na sikuhitaji saa ya ukutani. Nilimjua mama kwa kumtazama anavyoshuka kutoka kwenye baiskeli. Uzazi haupimwi kama nguo.

Lakini jambo moja nitakusaidia. Mnachelewa kwa sababu ya ufunguo. Naona bado kabati ya dawa inafungwa na mtu wa ofisi, naye akienda kula, dawa nazo zimeenda kula. Mimi ufunguo niliuvaa shingoni. Walinigombeza mwaka mzima, kisha wakanyamaza. Mwombe daktari wako ufunguo huo. Ni bora kuliko saa.

Na usiwaachie wasichana wako ulaini. Mama anayefunga miguu anamuua mtoto. Ule mkono niliokufundisha unaujua.

Nisalimie kila anayenikumbuka.

Mama yako,
Sharifa

*

Kindu, 27 Aprili 1975

Mama mpendwa,

Unisamehe kuchelewa. Treni ilikwama kwa sababu ya daraja, na baada ya hapo ni mimi mwenyewe niliyechelewa. Hatujambo wote. Zuberi alirudi kutoka Kama, amekonda lakini mzima. Scholastique anakusalimu, yule mkunga mdogo uliyemwacha akiwa mwanafunzi. Tangu majina ya Kizungu yakatazwe, kwenye karatasi za serikali anaitwa Feza, lakini sisi tukimwita Feza anasahau kuitika.

Ufunguo tumeupata. Daktari alitia sahihi, na sasa unaning'inia shingoni mwa mkunga wa zamu. Mwezi uliopita mama wawili walitokwa na damu nyingi, na wote wawili walidungwa sindano kabla shuka halijalowa. Mama, ni neno lako lililowaokoa. Benchi nalo limepungua: sasa ni dakika ishirini na tano.

Nilidhani kazi imekwisha. Daktari akasema bado nusu. Akasema saa inajua mama aliguswa lini, haijui aliguswa namna gani. Akachagua mwalimu mmoja wa kike, Émilienne, asiye mkunga, awatembelee waliozaa kwetu baada ya arobaini na kuwauliza: ulipokelewa namna gani?

Mimi nilijipeleka. Nilimwambia Émilienne nitamwonyesha njia ya nyumba ya kwanza tu, ya Mama Jeanne, mke wa fundi baiskeli. Tulipewa viti. Mtoto mnene, anacheka. Émilienne akauliza swali lake. Mama Jeanne akanitazama mimi, akamhamisha mtoto titi. Émilienne akamwambia: "Sema tu, mama, hakuna atakayekukasirikia."

Akasema: "Nilipigwa."

"Na nani?"

"Njo huyu uliyekuja naye." Ndiye mimi, mama.

Akainua kitenge, akaonyesha paja. Hapakuwa na alama tena, mama, lakini alionyesha mahali penyewe kwa kidole. Kisha akasema bila hasira: "Alinipiga mara tatu. Akaniuliza kama nililia hivi siku ya kuingia mimba. Wenzangu walicheka. Mutoto iko muzima, namushukuru Mungu. Lakini kule sitarudi."

Sikumkumbuka. Hilo ndilo lililonitoa jasho: sikumkumbuka hata sura.

Émilienne alimaliza nyumba zote peke yake. Wanawake hamsini na wawili. Thelathini na mmoja walisema walipigwa au walitukanwa. Jina langu lilitajwa mara kumi na nne, kuliko la mtu mwingine yeyote.

Mama, sikuandikii kukulaumu. Nakuuliza tu kwa sababu wewe ni mkubwa wangu katika kazi hii. Je, walikuwa wanakuambia? Hata mmoja hakuwahi kukuambia?

Mwamini ni mzima.

Riziki

*

Kalemie, 18 Mei 1975

Riziki,

Nimepata barua. Tuko wazima.

Mtoto aliyebebwa mgongoni hahesabu mifupa ya mgongo uliombeba. Hao wanawake hamsini na wawili wote wako hai, na watoto wao wananyonya. Waulize pia hilo, uandike.

Umeandika kurasa tatu juu ya wake za watu, na juu ya mwanangu maneno matatu. Tumbo lake limefika wapi? Amekuja kupimwa mara ngapi? Nijibu hayo.

Sharifa

*

Kindu, 10 Agosti 1975

Mama yangu mpendwa,

Kabla hujasoma mbele, kaa chini, na kaka Musafiri akae karibu nawe.

Mwamini yuko hai. Nalitanguliza hilo. Yuko hai, anakunywa uji, jana alikaa mlangoni.

Mtoto hatunaye. Alikuwa wa kiume. Ilikuwa Jumapili iliyopita, tarehe tatu. Uchungu ulimwanza alfajiri huko Alunguli. Alikuwa na mama jirani mmoja mzee. Saa tano za asubuhi Zuberi alinijia mbio, amelowa mpaka kiunoni, akasema: "Dada, mutoto anatoka matako mbele, na hatoki." Nilichukua mkoba, nikachukua sindano mbili, tukavuka. Nilimkuta amechoka, midomo imekauka, mwili wa mtoto uko nje na kichwa kimebaki. Nilifanya kama ulivyonifundisha, nikamlaza mtoto juu ya mkono wangu, nikaingiza kidole mdomoni mwake, nikainamisha kidevu. Akatoka. Nilimpulizia kwa muda mrefu sana, mama. Jirani ndiye aliyenishika bega akasema basi.

Kisha damu ikaanza. Sindano zilisaidia. Kama nisingekuwa nazo, leo ningekuandikia mengine.

Zuberi alimzika mwanawe alasiri ile ile, pamoja na wazee wa msikiti wa ng'ambo. Alimpa jina la baba yako, Amisi.

Mwamini hakuletwa kwetu kwa sababu mtumbwi ulichelewa. Mto umejaa mchanga mwezi huu.

Nisamehe. Nililia sana kabla ya kuandika, ili nisilie ndani ya barua.

Riziki

*

Kalemie, 26 Agosti 1975

Mwanangu,

Tumesoma. Tumesoma pamoja, kama ulivyotaka. Tulifanya dua ya mtoto hapa nyumbani, majirani walikuja. Mungu alitoa na Mungu ametwaa.

Nakushukuru kwa uhai wa Mwamini. Mikono yako imefanya kazi niliyoifundisha, na katika hilo sina neno.

Sasa sikiliza. Zuberi naye ameandika kwa Musafiri. Hakutaja mtumbwi kuchelewa. Amesema mwenye mtumbwi ni jirani yao, anafunga kamba yake chini ya nyumba yao. Mtu anayeanza uchungu alfajiri, na mtumbwi uko chini ya nyumba yake, hafiki saa tano bado yuko kitandani.

Na lile swali langu la mwezi wa tano hukulijibu. Alikuja kupimwa mara ngapi?

Nilikwambia azalie mikononi mwako. Kwa nini hakuja? Mimi ni mama yake. Usinifiche kwa heshima. Heshima ya namna hiyo siitaki.

Sharifa

*

Kindu, 14 Septemba 1975

Mama,

Umeniamuru, nami natii. Nimeichana barua hii mara mbili, hii ni ya tatu.

Hakuja kupimwa hata mara moja. Nilivuka mara nne kumbembeleza. Kila mara alinikaribisha, akanipikia, na nikitaja materniti anainuka kuosha sahani. Nilidhani ni haya. Mwezi wa nne nilipokuandikia maneno matatu, ni kwa sababu sikuwa na zaidi.

Siku ile, Zuberi alimshika mkono alfajiri wakashuke kwenye mtumbwi. Alishika mguu wa kitanda, akakataa kuachia. Zuberi ni mume mpole. Alibembeleza mpaka jua likapanda.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimuuliza. Nilikuwa namwosha mgongo. Nikasema: "Mdogo wangu, ulikuwa unaogopa nini? Mimi si ningekuwa pale?"

Akasema: "Njo sababu."

Nikachota maji mengine. Akaendelea: "Mama alikuwa ananipeleka kazini nikiwa mudogo, ananikalisha kwenye baraza. Kila siku nasikia wamama wanalia mule ndani, na kofi, na sauti ya mama. Mama yangu hakunipiga hata siku moja nyumbani. Nikafikiri, kumbe kofi zote anaziacha kule. Halafu ukawa mukubwa, na kwenye soko wamama wanasema Riziki njo mama yake kabisa. Mi sikutaka kupigwa na dada yangu. Nilisema, bora nife niko na watu wananipenda."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza.

Mama, sikuandikii ili ubebe peke yako. Mkono uliosikika sokoni ni wangu.

Ulisema niwaulize kama wote wako hai, niandike. Niliandika. Nilifungua daftari lote, nikaweka upande mmoja wanawake waliopokelewa na Scholastique. Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka, tukisema mikono yake ni ya pamba? Hapigi. Anakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, anashika mguu wa mama, anaongea naye habari za shamba. Katika mwezi wa pili mpaka wa sita amepokea akina mama arobaini na watatu. Mtoto aliyekufa ni mmoja. Mimi nimepokea arobaini na saba. Watoto waliokufa ni watatu. Daktari anasema hesabu ni ndogo, isinifanye nijihukumu. Lakini anasema pia kwamba hakuna popote ndani ya daftari panapoonyesha kofi imeokoa mtoto.

Jumatatu niliwakusanya wakunga wote, nikawasomea majibu ya wanawake, na nilipofika kwenye jina langu nikalisoma mara zote kumi na nne. Scholastique akaanza kulia. Mwingine akatoka nje. Tangu siku ile kila mama anaruhusiwa kuingia na mtu wake mmoja, mama yake au dada yake au jirani, na anakaa naye mpaka mwisho. Wengine wanasema tunaharibu kazi. Wacha waseme.

Juzi mama mmoja alifunga miguu. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Niliuona hewani, nikauweka juu ya goti lake, nikamwomba anitazame. Alifungua.

Nangoja barua yako.

Riziki

*

Kindu, 30 Novemba 1975

Mama,

Masudi ameshuka mara tatu bila barua. Anasema u mzima na unamwitikia salamu. Mwamini naye amerudi sokoni, anauza mafuta ya mawese. Hujaandika kwake pia.

Sikuombi ujibu. Nataka tu ujue kwamba nakuandikia.

Riziki

*

Kalemie, 11 Januari 1976

Mwanangu Riziki,

Sikuwa mgonjwa. Kalamu niliishika mara nyingi.

Mwanzoni nilikukasirikia wewe. Kisha daktari. Kisha nikamkasirikia Mwamini, Mungu anisamehe, mtoto aliyezika mwanawe. Hasira ilipokwisha nikabaki na jambo moja ambalo sijamwambia mtu kwa miaka ishirini na mitatu. Nakuandikia wewe kwa sababu umeusoma mkono wangu kuliko wote.

Mwamini nilimzalia pale pale kazini. Nilikuwa mkunga wa mwaka wa tatu. Mkubwa wetu alikuwa mama wa Kizungu, jina lake nitazikwa nalo. Uchungu ulikuwa mrefu, nami niliogopa, ingawa nilikuwa nimezalisha wengi. Nilimwita mama yangu kwa sauti. Mama yangu alikuwa nje, nyuma ya ukuta, alinisikia, hakuruhusiwa kuingia. Yule mkubwa akanipiga kofi usoni, mbele ya wanafunzi niliokuwa nawafundisha mimi. Akawaambia: "Tazameni, hata hawa waliosoma ni hivi hivi."

Nilinyamaza mpaka mtoto akatoka. Wakanisifu.

Baada ya siku arobaini nilirudi kazini. Mama wa kwanza aliyelia mbele yangu, nilimpiga. Hakuna aliyeniamuru. Nilijisikia mzima nilipompiga. Ndiyo, Riziki, andika hivyo. Baadaye nikaipa jina, nikasema ni kazi, ni kwa ajili ya mtoto, nikakufundisha wewe.

Uliniuliza kama walikuwa wananiambia. Mmoja aliniambia. Alikuwa mama wa Obokote, alikuja kwa miguu kurudisha shuka. Alisema: "Mama Sharifa, ulinizalisha vizuri, lakini ulinitia haya mbele ya mukwe wangu." Nilimjibu kwamba haya haiui. Alikuwa ameleta kuku wa kunishukuru. Aliniachia kuku, akaenda. Niliendelea miaka tisa baada ya hapo.

Haya usimwambie Mwamini. Nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, akinikubali. Nimemwandikia maneno machache tu, kwamba nataka kuja. Barua yake iko ndani ya hii. Mpe akiwa peke yake.

Na kwenye daftari lenu, mahali palipoandikwa majina, andika na langu. Sijui ni mara ngapi. Acha nafasi.

Sharifa

*

Kindu, 8 Februari 1976

Mama yangu,

Nakuamkia. Nilipomaliza barua yako niliifunga ndani ya kanga, nikaenda zamu. Sijui niseme nini, na labda si kazi yangu kusema. Najua tu kwamba nilitamani ningekuwa nyuma ya ule ukuta na bibi, tungeuvunja.

Hatujambo. Majibu mapya yamefika: wanawake sitini, na waliopigwa au kutukanwa ni wanne. Wanne bado ni wanne. Mmoja wao alinitaja mimi, si kwa mkono, kwa mdomo. Nimekwenda kwake kuomba radhi, naye amenipokea.

Émilienne amehamishiwa shule nyingine, kwa hiyo tulitafuta mtu wa kuuliza lile swali. Aliyejitokeza ni Mwamini. Daktari aliogopa, akasema amefiwa, itamuumiza. Mwamini akamwambia, akimwita raia kama Chama kinavyotutaka: "Citoyen daktari, mimi njo nitajua nani anaficha." Anavuka mto kila Jumatano na Ijumaa. Wanamwambia mambo ambayo hawakumwambia Émilienne. Akirudi anakaa kwanza peke yake pale barazani, kisha anaingia na kunisomea.

Barua yako nilimpa tukiwa wawili. Aliisoma amesimama. Akaikunja ndogo sana, akaitia kifuani. Jana, tulipokuwa tunachambua majani ya muhogo ya sombe, akasema: "Mwambie mama aje."

Nikasema nitamwambia.

"Asilete nguo za mutoto. Aje tu."

Nikasema ndiyo. Nikadhani amemaliza. Akachambua tena majani, akasema bila kuinua macho: "Wamama wote nawauliza, na mama yangu sijamuuliza. Siku yangu, siku ya kunizaa, alikuwa na nani mule ndani?"

Mama, jibu hilo nimekuachia wewe. Treni ya kuja huku inatoka Kalemie kila Jumanne. Masudi amekuwekea nafasi upande wa dirisha.

Mwanao,
Riziki